Goti la Mama Mkwe

Jumapili, 9 Machi

Mvua ya kwanza imepiga alfajiri na kunikuta nimeshakanda. Donge limechelewa kuumuka. Ndiyo sababu ya daftari hili: mwaka jana msimu wa mvua uliniharibia mikate tele, na ulipoisha sikukumbuka nilikosea wapi. Safari hii nitaandika kila siku. Mvua na unga, basi.

Jambo moja la pembeni. Mama mkwe alifika jana kukaa nasi hadi mvua ziishe, maana paa la kwake linavuja. Mke wangu amempokea, amemtandikia, na leo asubuhi amewasha lori lake na kuondoka na shehena ya saruji. Atakawia kidogo, amesema.

Kwa hiyo tumebaki wawili. Mwaka wa saba huu tangu nimwoe binti yake, na mama huyu hajawahi kusema nami ana kwa ana. Si ugomvi, ni heshima, na heshima yake haina mlango wala dirisha. Kila neno hupitia kwa mke wangu: "Mwambie mumeo mkate ni mtamu." Nami nimekaa palepale. Leo mjumbe hayupo. Akautazama mlango wa jikoni akasema, "Chai hii mtu akiiongeza sukari hatakuwa amekosea."

Nikaongeza sukari. Mlango ukashukuriwa.

Jumatano, 12 Machi

Mvua tangu asubuhi. Mikate imetoka vizuri. Mama mkwe amezungumza na birika.

Ijumaa, 14 Machi

Sina la kusema juu ya unga.

Mchana wingu lilifunga ghafla. Mama akatoka uani kuanua nguo. Mimi nilikuwa mbele ya tanuri, nikasikia kitu kama kijiti kibichi kikikatika. Nilidhani ni kamba ya nguo. Kisha nikasikia kimya, na kimya hicho ndicho kilichonitoa mbio.

Alikuwa chini kwenye sakafu ya saruji, pale kwenye utelezi karibu na bomba. Mguu wa kulia ulikuwa umekunjika mahali pasipo na kiungo, juu kidogo ya goti. Gauni lilikuwa limepanda. Hakulia. Aliutazama ukuta akasema, "Mtu asinitazame."

Nikavua aproni yangu yenye unga, nikamfunika huku macho yangu yakiwa kwenye kamba ya nguo. Nikapiga kelele kumwita mwanamke mshonaji wa nyumba ya pili. Alikuja na tepu yake shingoni na sindano mdomoni. Yeye ndiye aliyemshika mkono hadi gari la wagonjwa likafika. Mimi nilishika mwavuli. Nilimshikia mwavuli mama mkwe wangu nikiwa nimempa mgongo, mvua ikiniingia kwenye kola, na nikajiona mjinga kuliko wajinga wote.

Jumamosi, 15 Machi

Daktari wa mifupa ni mwanamke kijana mwenye sauti ya chini. Ameiweka picha ya eksirei kwenye mwanga akatuonyesha: mfupa wa paja umevunjika karibu na ncha yake ya chini, vipande vitatu, na ufa mmoja umeshuka hadi ndani ya goti.

"Tunaweza kumlaza na kuuvuta mguu kwa uzito majuma mengi," akasema. "Lakini kwa umri wake, kitanda ndicho adui. Kifua kitajaa, damu itaganda, ngozi itachubuka, na goti litakauka kama mti. Mimi naona tumpasue. Tutapanga vipande, tuweke bamba la chuma ubavuni mwa mfupa na kulikaza kwa skrubu. Baada ya hapo goti lianze kukunjwa mapema."

Mama mkwe akamgeukia mgonjwa wa kitanda cha dirishani, bibi mnene aliyevunjika mkono, ambaye wamejuana tangu jana usiku. "Bibi Dirisha, muulize daktari, chuma hicho hakitashika kutu?"

"Hakishiki kutu, bibi," daktari akajibu.

"Muulize, siku nikifa watakuja kukidai?"

Daktari akacheka. "Kitabaki chako."

"Basi mwambie nashukuru, na sitaki."

Dada yake mkubwa aliingia chumba cha upasuaji zamani, akatoka amefunikwa shuka. Hilo Bibi Dirisha ndiye aliyeniambia, kwa kunong'ona kulikosikika wodi nzima.

Nimempigia mke wangu. Mafuriko yamebeba daraja. Malori yamepanga foleni upande wa pili na hakuna ajuaye lini watavuka.

Jumapili, 16 Machi

Mvua. Bado anakataa. Nimeoka nusu tu, mshonaji ananiuzia dirishani kwake.

Jumatatu, 17 Machi

Nilimwekea mama simu sikioni, lakini mke wangu ana sauti ya dereva, kwa hiyo sote tulisikia.

"Mama, fanyiwa."

"Nitakungoja."

"Mto haunisikilizi mimi, Mama. Siwezi kufika." Akanyamaza, nikajua analia, ingawa hakuna mtu barabarani ambaye angeamini. "Huyo aliye hapo, Mama, ni mimi. Muone yeye kama mimi."

Mama mkwe akanirudishia simu bila kunitazama. Alikaa akichezea upindo wa shuka. Kisha: "Bibi Dirisha, muulize mkwe wangu. Ningekuwa mama yake mzazi, angefanyaje?"

Bibi Dirisha akanigeukia kama hakimu. "Haya, baba. Jibu."

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga njiani. Yote yalikimbia. Nikasema, "Mwambie ningeogopa kama ninavyoogopa sasa. Lakini ningempeleka."

Ametia sahihi mwenyewe, kwa herufi kubwa kubwa.

Jumanne, 18 Machi

Wanangoja uvimbe upungue. Wameomba ndugu wachangie damu. Nimechangia. Bibi Dirisha ametangaza kwamba sasa mimi na mama mkwe ni damu moja, ukwe umekwisha. Nikamweleza kwamba damu inaingia kwenye akiba ya hospitali, huenda akapewa mtu mwingine kabisa.

Mama mkwe akaiambia dari, "Mtu aliyetoa damu anywe chai."

Alhamisi, 20 Machi

Wamemchukua asubuhi. Walimvisha gauni la kijani na kofia, akaonekana mdogo kama mtoto aliyevaa nguo za mkubwa wake. Alikuwa ameshikilia reli ya kitanda. Nilitembea kando yake hadi mahali palipoandikwa mwisho wa ndugu. Nilitaka kusema kitu. Nikasema, "Mama, mikate imetoka vizuri leo." Mungu wangu! Mtu anapelekwa kwenye kisu, nami namweleza habari za mikate.

Alitazama mbele. Lakini mdomo wake ulicheza kidogo upande mmoja, kama wa binti yake anapozuia kicheko.

Nje mvua ilipiga mabati hadi watu wakawa wanazungumza kwa mikono. Kuna benchi refu pale, na sote tuliolikalia tulikuwa na sura moja. Mwanaume aliyekaa karibu nami alikuwa akingoja mtoto wake. Tuligawana mkate bila kuulizana majina. Kila mlango ulipofunguka tulisimama wote, halafu tisa kati ya kumi tukakaa tena.

Muda huo nilimfikiria mama mkwe kuliko nilivyowahi kumfikiria katika miaka saba. Siku zote nimeamini ananidharau. Binti yake anaendesha lori, mimi nakaa jikoni na aproni. Nilidhani anapoutazama mlango ni kwa sababu mlango una thamani kuliko mimi. Na nikagundua kwamba pamoja na hayo yote, sikutaka nyumba ile ibaki bila mtu wa kuzungumza na birika.

Umeme ulikatika mara moja. Benchi zima lilishika pumzi. Jenereta ikakohoa, ikawaka.

Daktari alitoka mchana, alama ya barakoa ikiwa bado puani. "Imekwenda vizuri. Mfupa wake ni laini, skrubu mbili zilitusumbua, lakini tumepata mahali pazuri pa kukaza. Goti tumelipanga. Yuko macho, sindano ya ganzi ya mgongoni ilimtosha. Ametuuliza maswali muda wote."

"Aliuliza nini?"

"Kama tumekula."

Nilikaa chini nikalia mbele za watu. Yule mwenzangu wa benchi akanipa kipande cha mkate kilichobaki, mkate wangu mwenyewe.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeiona picha mpya. Bamba limelala kando ya mfupa, limejipinda mwishoni kufuata umbo la goti, na skrubu zimepita kama meno ya kitana. Bibi Dirisha ameomba aione, akasema ni maridadi kuliko bangili zake.

Jumatatu, 24 Machi

Amekuja mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kijana mpole, lakini neno lake ni moja tu: kunja. Wodi nzima humwita Bwana Kunja. Mama hakanyagi chini kwa mguu ule kwa sasa, ila goti lazima likunjwe kila siku, asubuhi na jioni. "Likizoea kunyooka, bibi, hutakaa kitini kama watu tena. Tutalazimika kukurudisha kwenye ganzi tulivunje ukaidi wake."

Leo limekunjika kidogo sana. Jasho lilimtoka mama kama amenyeshewa. Nilitoka nje.

Ijumaa, 28 Machi

Ameruhusiwa. Bibi Dirisha amelia, wamebadilishana vitambaa vya kichwa. Nyumbani nimesugua sakafu ya uani hadi mikono imechubuka. Mshonaji amekubali kumwogesha na kumkunja goti. Daraja bado.

Jumapili, 30 Machi

Mshonaji ameshindwa. Kumwogesha anaweza. Lakini mama akipiga ukelele tu, naye anapiga wa kwake, anauachia mguu na kukimbilia mlangoni. "Nisamehe, jirani. Mimi nashona vitambaa, vitambaa havilii." Siku mbili goti halijakunjwa. Nimeligusa kwa macho tu, limevimba na limesimama kama nguzo.

Jumatatu, 31 Machi

Nimeoka mapema. Nikanawa hadi viwiko. Nikasimama mlangoni kwake na kupiga hodi.

"Mama," nikasema, "mshonaji hawezi. Mke wangu yuko ng'ambo ya mto. Bwana Kunja anataka kuliona goti juma lijalo. Nyumba hii ina mikono miwili tu iliyobaki."

Nikasikia mvua ikianza, tone moja moja juu ya bati.

"Ni paja," akasema hatimaye, kwa ukuta.

"Najua, Mama."

"Paja la mama mkwe wako."

"Najua. Na mimi sijalala kwa sababu ya hilo. Lakini nikilala, goti litakauka."

Akachukua kanga iliyokuwa kichwani pa kitanda, akaifungua yote, na kujifunika uso mzima, kutoka utosini hadi kidevuni. Akabaki kama fenicha ya watu waliosafiri. Ndani ya kanga sauti ikasema, "Haya. Fanya."

Nilimsogeza ukingoni mwa kitanda kama Bwana Kunja alivyonionyesha. Mkono mmoja chini ya paja, juu ya shuka, mwingine kwenye kisigino. Mguu ulikuwa mwepesi kuliko nilivyotarajia na wa moto. Kovu limepita ubavuni, refu, alama za nyuzi pande zote mbili. Nikaanza kuushusha polepole, kiasi cha pumzi, kisha nikangoja. Donge haliharakishwi, na hilo ndilo pekee ninalolijua duniani.

Aliposhindwa kuvumilia, hakupiga kelele. Alinishika bega, akakumbuka, akaliachia kama amegusa tanuri. Nikasema, "Shika, Mama. Ndiyo kazi ya bega." Hakushika. Alikamata godoro.

Tulipomaliza nilikuwa nimelowa kuliko yeye. Kutoka ndani ya kanga ikaja sauti, na kwa mara ya kwanza katika miaka saba haikumtafuta mjumbe:

"Umekula?"

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Goti limeshuka kidogo zaidi. Kanga imepungua: leo imefunika macho na pua tu, mdomo uko nje. Amesema mkate wa jana ulikuwa na chumvi nyingi.

Jumanne, 8 Aprili

Bwana Kunja ameridhika nusu. "Nani anakukunja, bibi?"

"Mtu wa nyumbani," mama akajibu.

Jioni, katikati ya zoezi, kanga ikiwa machoni tu, akasema, "Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa mwema. Lakini hakuwahi kunishika mguu. Hata siku niliyokanyaga msumari, alimwita jirani."

Nikasema, "Nashusha kidogo tena."

"Shusha." Akavuta pumzi kwa meno. "Wewe unadhani nanyamaza kwa sababu hamjapata mtoto."

Mikono yangu ikasimama pale pale.

"Usiuachie mguu wangu, baba, unauma. Nisikilize. Mimi niliolewa nikakaa miaka kumi kabla ya kumpata mkeo. Kila aliyeingia kwangu aliliuliza tumbo langu habari kabla ya kuniuliza mimi hali. Nikaapa sitamfanyia mtu hivyo. Kuna mlango ambao hata mzazi hapigi hodi. Sasa nikikaa nawe, nitasema nini? Nilihofia ulimi wangu, basi nikaupeleka kwa milango na mabirika."

"Nilidhani unanidharau, Mama. Kwa ajili ya aproni."

Kanga ikatikisika. Alikuwa akicheka. "Mwanaume anayejua kupika, mtu amdharau? Mimi nina kichaa?"

Tulicheka wote hadi goti likajikunja lenyewe, nasi tukashtuka, yeye kwa maumivu, mimi kwa furaha.

Jumamosi, 12 Aprili

Mke wangu amerudi! Malori yalivushwa kwa zamu juu ya daraja la muda. Aliingia na viatu vya tope hadi chumbani, akatukuta: mimi nimepiga magoti, mguu wa mama yake mikononi mwangu, kanga iko mabegani mwa mama kama kanga ya kawaida, na sisi wawili tunabishana kuhusu hamira.

Alisimama mlangoni muda mrefu. "Samahani," akasema, "nadhani nimekosea nyumba."

Kisha akakaa chini sakafuni na tope lake, akaegemeza kichwa kwenye mguu mzima wa mama yake.

Jumatatu, 14 Aprili

Mke wangu amejaribu kulikunja goti. Mama: "Wewe mkono wako ni wa gia. Mwite mwenye kazi yake."

Ijumaa, 2 Mei

Picha ya eksirei. Daktari ameonyesha kwa kalamu: kuzunguka mahali palipovunjika kumeanza ukungu mweupe. Huo ndio mfupa mpya. Ni hafifu upande wa ndani, na hapo uso wake haukucheka. "Chuma kinashikilia tu. Mfupa usipounga, siku moja chuma kitachoka na kukatika, turudi upya. Kanyaga kwa kugusa tu, bibi, na kitembezi chako cha miguu minne. Ule vizuri, na tusubiri."

Njiani mama hakusema neno, na safari hii kimya chake hakikuwa cha heshima. Nilimwona akiugusa ule mguu kupitia gauni, kama mtu anayepapasa mfuko kuona kama kilichomo bado kimo.

Jumanne, 6 Mei

Mvua ya mawe. Mke wangu ameondoka na shehena. Mama hataki kula. Anasema mfupa wa mzee ni kama unga uliopitwa na wakati, hauumuki. Nimemwambia nimeumua unga mbaya zaidi. Amekula nusu ya yai.

Jumamosi, 17 Mei

Siku hizi anakula na nusu nyingine ya yai. Sasa anakaa kitini, goti limekunjika kama la watu. Amekaa jikoni kunisimamia.

Ijumaa, 13 Juni

Mvua zimekuwa za kuaga, dakika chache kisha jua.

Daktari aliitazama picha bila kusema, muda ambao kwangu ulikuwa mrefu kuliko lile benchi. Kisha akaizima taa ya picha, akamgeukia mama. "Umeunga, bibi. Pande zote. Kanyaga."

"Kanyaga kiasi gani?"

"Kanyaga kama mwenye mguu."

Mama akainuka na fimbo yake. Nikasogea. Akaninyooshea kidole. "Wewe geuka."

"Mama?"

"Geuka, utazame ukuta. Nikianguka, sitaki uone. Nisipoanguka, utajua."

Nikageuka. Ukutani kulikuwa na picha ya mifupa ya mtu mzima, nikaikodolea macho. Nyuma yangu nikasikia fimbo, kisha kandambili ikiburuzwa. Kimya. Fimbo tena. Pumzi. Kandambili, sasa haikuburuzwa, ililia chini kabisa, pa!, kwa uzito wa mtu mzima. Nilifumba macho. Nikasikia harufu ya sabuni yake ikikaribia.

Mkono ukatua begani kwangu. Haukushika kama mtu anayetafuta egemeo. Ulikaa tu, mwepesi, ukabaki.

"Sasa geuka," akasema.

Jumapili, 15 Juni

Jua. Unga umekunywa maji mengi, donge limeumuka mapema. Mama anataka kwenda sokoni peke yake kwa miguu. Nimekataa. Amesema mimi si mumewe. Nimesema hata mumewe angekataa. Tumegombana hadi mshonaji akatoka nje kusikiliza.